Jogoo Alisikika Vizuri

Nyaruai hakuwa mtu wa kukaa. Dukani kwake Kitale, chumba chembamba cha kutengenezea simu nyuma ya msikiti wa mjini, kulikuwa na kiti kimoja kizuri cha mbao, na kazi ya kiti hicho ilikuwa kubeba makasha ya chaja. Mwenyewe alitengeneza simu amesimama, akanywa chai amesimama, akajibu maswali ya watu amesimama, kidole gumba kikidonoa kioo kama kuku aliyemwagiwa mtama. Mumewe Gathii alikuwa akisema kwamba siku ya kumzika mke wake itabidi kaburi lichimbwe la wima, maana kulazwa hatakubali. Nyaruai alicheka kila aliposikia hivyo, kisha akatafuta kitu cha kufanya.

Maswali ndiyo yaliyomzidishia moto. Yalianza kidogo kidogo: mteja katengenezewa simu, kafika kwao, hajui kuzima tochi, anapiga kuuliza. Nyaruai akaona kuliko kujibu jambo moja mara thelathini, heri afungue kundi la WhatsApp. Akaliita Uliza Usiogope, maana kuuliza si ujinga. Kufikia mwaka huu lilikuwa na watu mia tisa, toka Kitale na Kiminini hadi Webuye, Bungoma, Myanga na Malakisi, na kwa kuwa watu ni watu, maswali hayakubaki kwenye simu. Mtu anauliza kwa nini simu yake inapata moto ikichajiwa. Akijibiwa vizuri anajikohoza, halafu anauliza kwa nini na yeye anapata moto nyayoni akilala.

Hapo ndipo alipoingia Zulekha. Huyu alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache na miwani mikubwa, aliyekuwa akisaidia katika duka la dawa lililopakana na la Nyaruai. Wawili hao wakagawana kazi. Kila asubuhi Nyaruai anasoma maswali yote na kuyapepeta. Ya mwili anamtumia Zulekha, naye Zulekha hujibu polepole, kwa heshima, na mara nyingi jibu lake ni nenda ukapimwe. Ya mashine Nyaruai anayajibu mwenyewe, mbio mbio na kwa mzaha. Watu waliwapenda wote wawili, lakini tusifichane: mzaha ndio uliopata vidole gumba vingi, na Nyaruai alivipenda kuliko alivyokubali kusema.

Jumanne moja, saa moja na nusu asubuhi, likaingia swali la mtu aliyejiita Wakhungu.

"Niaje madam. Mimi ni mkulima wa tumbaku huku Malakisi. Nauliza juu ya simu ya mama mkwe. Nilimjengea nyumba hapa kwangu kwa vile hana kijana wa kumwangalia. Sisi huongea na simu tu, si unajua mambo ya ukwe na sisi Wabukusu. Sasa leo asubuhi nimempigia, sauti inatoka ni kama ameweka ugali kwa mdomo. Maneno inashikana. Mimi sauti ya huyo mama naijua, na hii si yake. Ni mic ama ni network? Nimerekodi uskize."

Nyaruai alizaliwa Trans-Nzoia, mwana wa wahamiaji kutoka Nyeri, lakini mambo ya ukwe ya Wabukusu aliyajua kama anavyoyajua mtu yeyote wa kule. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi ampishe mwenzake, na uso haukaziwi macho. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na heshima hiyo ina uzito wake. Simu ilipokuja, watu kama Wakhungu waliipokea kama baraka. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa hajamwangalia mama huyo usoni, lakini kila asubuhi kabla ya kwenda shambani alimpigia, wakasalimiana, wakasimuliana ndoto na mvua, nyumba zao zikiwa zimeachana hatua hamsini tu.

Asubuhi hiyo Nyaruai alikuwa na simu ya mteja iliyofunguliwa matumbo mezani na nyingine tatu zikisubiri. Akaweka kifaa cha kusikilizia kwenye sikio moja. Rekodi ilikuwa ya sekunde arobaini, akasikiliza kumi. Ni kweli, sauti ya mwanamke mzee ilikuwa ikiburuta. Swali lilitaja simu, lilitaja mic, lilitaja network. Likaingia kapu la mashine. Akaandika:

"Wakhungu wee! Mama hajameza ugali, simu ndio imemeza vumbi ya tumbaku! Fanya hivi. Mwambie akupe hiyo simu, toa betri, izike kwa mchele mkavu mpaka kesho, halafu tutasugua mic na mswaki. Na ili ujue kama ni network, toa laini yako kwa simu yako, weka yake, uache hivyo leo. Mama mkwe akinyamaza siku moja, hiyo si ni likizo, bana?"

Kufikia saa tatu jibu hilo lilikuwa na vidole gumba sitini na nyuso za kucheka zisizo na idadi. Mtu wa Webuye aliandika ati na yeye anatafuta mchele wa kumzika mkwe wake. Nyaruai akaona raha, akaendelea na kazi.

Saa tano na nusu Zulekha akaingia na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, kama desturi yao. Nyaruai, aliyekuwa anataka mtu wa kucheka naye, akaifungua rekodi kwa sauti ya juu.

"Sikia mama huyu, Zulekha. Sikia simu ilivyomharibia jina."

Rekodi ikaanza. Mwanamke alikuwa akijaribu kusema kitu kuhusu kuni. Neno moja lilianza vizuri likaishia topeni. Nyuma yake jogoo akawika, mara mbili, kwa ukali wa jogoo wa asubuhi. Nyuma ya jogoo kulikuwa na posho mill, mashine ya kusaga mahindi, ikinguruma, na mkanda wake ulikuwa ukilia kwii, kwii, ukipumzika kidogo, kisha kwii tena. Nyaruai alikuwa bado anatabasamu.

Zulekha aliweka vikombe chini. "Rudisha," alisema.

Nyaruai akarudisha.

"Huyo jogoo yuko wapi?"

"Si huko huko kwa mama. Yuko nje ya mlango wake, nafikiri."

"Na hiyo mashine?"

"Huko huko pia."

"Basi mbona jogoo amesikika vizuri?"

Nyaruai alifungua mdomo ajibu, kwa sababu swali la simu halijawahi kumshinda, kisha akairudisha rekodi mwenyewe. Mic ni moja. Ikiziba vumbi, inaziba kwa wote. Haichagui kumpitisha jogoo na kumzuia mama. Network ikikatika, inakatika na mkanda wa mill. Kwenye rekodi ile kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa mtu. Hili ni jambo ambalo fundi wa miezi miwili angelijua, na yeye alikuwa na miaka kumi na sita kwenye kazi.

"Hii simu haina ugonjwa, Nyaruai," Zulekha alisema polepole. "Ulimi wa mama ndio mzito. Hicho ni kiharusi kinaingia. Umeletewa swali hili saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

Zulekha akatazama saa ya ukutani, akamsogezea Nyaruai simu yake. Afadhali angetukana.

Nyaruai alipiga namba ya Wakhungu. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akaandika ujumbe, ukatoka na tiki moja, ukabaki hivyo. Alikuwa akitembea kutoka mlangoni hadi ukutani, hatua nne kwenda, nne kurudi, simu sikioni, na ilikuwa mara ya sita au ya saba kupiga ndipo akaelewa kwa nini haipatikani. Yeye ndiye aliyesema. Toa laini yako, weka yake, uache hivyo leo. Na Wakhungu alikuwa mtiifu. Laini yake ilikuwa mahali fulani mezani, imelala. Namba ya mama yule, Nyaruai hakuwa nayo.

Kisha likamjia la pili. Simu ya mama ilikuwa kwenye mchele. Mama yule alikuwa peke yake ndani ya nyumba ambayo mkwewe hawezi kuingia, na kitu pekee ambacho angekitumia kumwita mtu, Nyaruai alikuwa amemwambia akitoe mkononi. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini mdomo huu ulikuwa wake na kichwa kilikuwa cha mtu mwingine.

Alifungua kundi. Jibu lake lilikuwa pale pale, na vidole gumba sabini na vinne sasa. Alilibonyeza, akalishikilia, na simu ikamuuliza kama anataka kulifuta kwa wote. Nitasema ukweli wake wote: kidole kilikaa juu ya neno hilo kwa muda ambao hakupaswa kuwa nao. Likifutika, nani atajua? Watu wangekumbuka walicheka, wasikumbuke walichekea nini.

"Nyaruai," Zulekha akasema.

Akaliacha. Chini yake akaandika: "Nimekosea. Nimejibu vibaya na mtu anaweza kufa. Mama mkwe wa Wakhungu wa Malakisi ni mgonjwa, si simu. Wakhungu hapatikani kwa sababu nilimwambia atoe laini. Nani anamjua? Nani yuko karibu? Tafadhali."

Mia tisa wote wakaamka kwa pamoja. Wa kwanza akaleta dua. Wa pili akaleta kitunguu saumu na ndimu. Mwingine akasema mgonjwa wa kiharusi hutobolewa ncha za vidole kwa sindano, na Zulekha, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kuandika kwa hasira, akaandika: "Msimtoboe mtu!" Kulikuwa na waliouliza Wakhungu yupi, kwani Malakisi ina Wakhungu kama ilivyo na tumbaku. Kulikuwa na waliouliza kama ule ushauri wa mchele bado unafanya kazi kwa simu zao. Nyaruai alisoma yote hayo akitembea, jasho likimtoka, akitamani kuingia ndani ya kioo na kuwakung'uta mmoja mmoja.

Katikati ya zogo hilo ukaingia ujumbe wa mtu anayeitwa Kimotho, fundi wa mashine za kusaga, mwenye karakana Bungoma mjini.

"Nimeskiza hiyo rekodi. Huo mkanda unalia ni wangu. Niliwaambia wanunue mpya wakakataa, nikafunga tu hivyo hivyo. Ni mill moja iko hapo kabla ufike Malakisi soko. Number ya mwenyewe ndio hii. Mimi natoka Myanga na pickup, nakuja."

Nyaruai alipiga. Simu iliita ikaisha. Bila shaka mashine ilikuwa ikinguruma. Akapiga tena na tena, na mara ya tano mwanamume akajibu kwa kupaza sauti kama anayeongea na mtu wa ng'ambo ya mto.

"Zima mashine!" Nyaruai naye akapaza. "Unamjua Wakhungu wa tumbaku, mwenye mama mkwe nyumbani?"

"Wakhungu si ndugu yangu! Yuko banda ya kukausha majani. Kwani?"

"Ingia kwa huyo mama uangalie kama yuko sawa. Sasa hivi."

"Ai, madam!" Mtu yule alishtuka hasa. "Mimi? Mama mkwe wa Wakhungu ni mama mkwe wangu. Hapa sisi wanaume wote ni wakwe zake. Na wamama wako soko, leo si ni soko. Bibi ya Wakhungu, Phelista, yuko Webuye kwa mkutano ya kanisa tangu juzi."

"Basi mpelekee Wakhungu hii simu. Kimbia! Usikate!"

Alisikia viatu vya mpira vikipiga ardhi, mbwa akibweka, pumzi ya mtu mnene akikimbia. Dakika mbili zilizokuwa ndefu kama kwaresma. Kisha sauti ya pili, ya upole, ikasema:

"Madam? Simu iko kwa mchele vile ulisema. Sijaifungua."

Nyaruai alifumba macho. Angekuwa mtu wa kulia, hapo angelia.

"Achana na simu, Wakhungu. Simu ni nzima. Mama ndiye mgonjwa, na mimi ndiye niliyekosea. Mara ya mwisho umemsikia saa ngapi?"

"Ile tu asubuhi. Aliweka simu kwa mlango akarudi ndani, nikachukua. Tangu hapo ningemsikia na nini?"

Nyaruai alimwambia aende mlangoni, apige hodi, aite. Wakhungu akaenda, akaita, "Mama! Mama, ni mimi!" Hakukuwa na neno. Kulikuwa na kitu kama kukwaruza, chini chini, kama kuku anayeparua sakafu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu.

"Yuko chini," Wakhungu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Madam, yuko chini na mimi siwezi kuingia. Nikimwona hivyo, pengine nguo imepanda, huyo mama atakufa na aibu. Wacha nikimbie soko nilete mama moja."

"Soko ni umbali gani?"

"Dakika ishirini. Na kurudi."

Zulekha alikuwa akitikisa kichwa. Nyaruai akasimama. Hata miguu yake, isiyotulia kamwe, ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kufikiri kabla ya kujibu.

"Wakhungu, hiyo simu ya ndugu yako ina kamera. Nakupigia ya video. Ingia kinyumenyume. Shika simu nyuma yako, kioo kikimwangalia mama. Wewe tazama mlango. Nitaona mimi, wewe hutaona kitu."

Kisha picha ikafunguka: jua kali, kizingiti, giza. Kalenda ya kanisa ilipita ikiyumba, kisha boriti, ndoo, mguu wa kitanda. Wakhungu alikuwa akirudi nyuma polepole akinong'ona, "Nisamehe Mama, nisamehe Mama, sioni, ni simu tu." Na hapo, kati ya kitanda na ukuta, ulikuwa uso.

Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kulia ulikuwa umelaliwa, haumsikii mwenyewe. Lakini macho yalikuwa wazi, makali, na yaliiangalia kamera moja kwa moja, naye Nyaruai akahisi yanamjua.

"Ni kiharusi," Zulekha alisema karibu na sikio lake. "Ainuliwe, alazwe ubavu. Asipewe maji, asipewe chai, wala dawa. Hospitali."

"Wakhungu," Nyaruai akasema. "Geuka."

"Madam, tumesema..."

"Geuka, Baba. Mimi siwezi kumwinua kutoka Kitale."

Picha ilishuka. Kwa muda Nyaruai aliona sakafu tu, na vidole vya miguu vya mwanamume, vyeusi kwa utomvu wa tumbaku, visivyosogea. Kisha vikageuka. Kabla simu haijawekwa kitandani, aliona jambo la mwisho: mkono wa kushoto wa mama yule, ule uliobaki mzima, ukitafuta pindo la leso aliyojifunga, ukilipata, na kulivuta juu ya uso wake. Hata pale chini, hata kwa nusu ya mwili, alikuwa akimtunzia mkwewe heshima. Baada ya hapo ilikuwa ni boriti za nyumba tu, na sauti ya mtu anayebeba mzigo wa thamani, na jogoo nje akiwika vile vile.

Kimotho alifika na pickup baada ya robo saa. Walimfikisha hospitali Bungoma mjini saa nane kasoro.

Nyaruai hakulala. Alfajiri alimwambia Gathii anakwenda Bungoma. Gathii akamuuliza atakwenda kusema nini, na yeye akasema hajui, lakini kwa simu hatasema. Alifunga duka, jambo ambalo hata wakati wa msiba wa mama yake hakulifanya kwa siku nzima. Zulekha akampa leso mpya ndani ya karatasi ampelekee mgonjwa.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda vimesongamana na dirisha refu lililoangalia barazani. Nje ya dirisha hilo, kwenye benchi, alikaa mwanamume mwembamba mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, mgongo ameupa ukuta. Nyaruai alimjua kwa vidole vya miguu. Ilikuwa wazi kwamba amekaa hapo tangu jana, karibu vile heshima ilivyomruhusu, na hakuna muuguzi aliyeweza kumwondoa. Alimsalimia. Wakhungu akainuka nusu, akampa mkono, akasema, "Asante kwa kuja, madam," na Nyaruai akatamani angesema kitu kingine chochote.

Ndani, kando ya kitanda cha tatu, alikuwa amesimama mwanamke wa miaka thelathini na kitu, macho mekundu, bado amevaa sare ya akina mama wa kanisa.

"Mimi ni Nyaruai," alisema. "Kutoka Kitale."

Phelista alimwangalia toka kichwani hadi viatuni.

"Ni wewe ule wa mchele?"

"Ni mimi."

"Nilisoma hiyo jibu yako. Yote. Mpaka pale pa likizo." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Daktari anasema angeletwa hiyo asubuhi, mkono pengine ungerudi. Pengine. Sasa wanasema tungoje tuone. Huyu mama alinilea na hiyo mkono. Alikuwa anafunga tumbaku ya watu usiku na mchana ndio nisome. Na wewe unacheka naye kwa WhatsApp na watu mia tisa."

Nyaruai alikuwa ametunga maneno njiani kote. Alikuwa amepanga kueleza kwamba swali liliandikwa kama la simu, kwamba yeye si daktari, kwamba alipogundua hakulala wala hakukaa. Yote hayo yalikuwa kweli, na yote hayakuwa na mahali pa kuwekwa katika wodi ile.

"Niliskiza sekunde kumi," alisema. "Mkwe wake aliniambia hii si sauti yake. Aliniambia kabisa, na sikumskiza. Pole si neno la kutosha, lakini sina lingine. Nimekosa."

Phelista akageuza uso. Nyaruai akabaki wima katikati ya vitanda, karatasi ya leso mkononi, akizuia njia ya kila anayepita. Hakujua aondoke au abaki. Miguu yake ilitaka mlango, na aliilazimisha ibaki.

Ndipo mama aliyekuwa kitandani akasema kitu.

Kilikuwa kirefu, chenye mwanzo na mwisho, lakini katikati yake hamkuwa na neno hata moja la kushika. Phelista akainama haraka.

"Unasema maji, Mama? Maji?"

Mama alifumba macho kwa kukataa, akasema tena. Ni yale yale, yakiburuta, yakishikana.

"Unataka kugeuzwa? Unaumwa? Ni mkono?" Phelista alikuwa akibabaika sasa, machozi yakimlenga. Muuguzi akaja, akainama naye, akatikisa kichwa. Nyaruai alisikiliza kwa nguvu zake zote, yeye aliyekuwa hodari wa sauti na mic, na hakuambulia kitu. Mama akasema mara ya tatu, kwa uchovu, na jicho lake zima likawa limemkazia Nyaruai.

Nje ya dirisha, Wakhungu alikohoa. Hakugeuka. Alikuwa akitazama uwanja wa hospitali, mikono katikati ya magoti, kichwa amekiinamisha upande kama mtu aliyeweka simu sikioni.

"Anasema mgeni ametoka mbali na amesimama," alisema. "Anauliza mbona hajapewa kiti."

Mama alifumba macho, na safari hii ilikuwa kwa kukubali. Phelista alisimama kitambo akimwangalia mama yake, kisha dirisha, kisha Nyaruai. Hakutabasamu, wala hakuna aliyemtarajia atabasamu. Akaenda hadi kitanda cha mwisho, akakivuta kiti cha plastiki kilichokuwa na kikapu, akakitoa kikapu, akakileta kiti kwa Nyaruai.

Nyaruai akakaa, na hakuinuka mpaka saa za kuona wagonjwa zilipokwisha.